Kikaragosi cha muuza vitumbua: mifupa, kanga na kibaraza chake

Haya jamani, karibuni tena mezani kwangu. Leo tunamtengeneza huyu hapa, Bi Sauda, muuza vitumbua, sentimita 22 kutoka kisigino hadi utosini. Ni kikaragosi cha stopu mosheni, zile katuni za picha mojamoja: unamsogeza kidogo, unapiga, unamsogeza, unapiga. Kwa mgeni, mimi nauza mifupa. Usikimbie, si mganga, ni mifupa ya waya. Asiyetaka kuhangaika namuuzia iliyo tayari. Leo lakini nafundisha bure, hasara nitajijua mwenyewe.

Waya kwanza. Aluminiamu laini, unene milimita 2. Ukunje, uachie. Ukibaki pale pale ndio wenyewe, ukirudi hata kidogo mrudishie mwenye duka. Waya wa kufungia nondo muachie fundi zege, una kutu, utachafua nguo. Na tafadhali, msinipandie nguzo za umeme.

Nyuzi mbili, ncha moja ibane kwenye drili, nyingine ishike kwa plaizi, sokota polepole. Umeona? Kamba. Mgongo nyuzi tatu, mikono na miguu mbilimbili. Unaunga kama mtoto wa chekechea anavyochora mtu. Naruka, hapo mnaweza.

Panapotakiwa mfupa, yaani kifuani, nyonga, mapaja, funika kwa gundi ya kukanda, ile ya vipande viwili ambayo mafundi bomba huzibia mabomba. Kanda mpaka rangi iwe moja. Viungo viache wazi, na goti lipate sentimita nzima ya waya. Ukibana sana, atakuwa anakunjikia sehemu moja tu kila siku, na hapo ndipo atakapokatika.

Sasa miguu. Hapa weka chini chochote ulichoshika.

Ndani ya kila unyayo tunazika nati ya milimita 3. Bolti itapanda kutoka chini ya jukwaa, imkaze, aweze kusimama hata kwa mguu mmoja. Ili gundi isijae ndani ya nati, unaizika ikiwa na bolti yake. Na hiyo bolti, kabla hujaifunga, ipake mafuta ya mgando. Mafuta ya mgando, haya haya ya kupaka miguuni. Mwaka jana nilimaliza mtu mzima mzima, nguo, nywele, hereni, asubuhi nataka kufungua bolti, imeshakuwa mfupa. Nikamkata mguu kwa msumeno huku namwomba radhi.

Kwa hiyo mafuta. Kwenye bolti tu! Ukipaka nati kwa nje, gundi haishiki, halafu nati inazunguka bure humo ndani. Gundi ikianza kukaza, zungusha bolti robo. Subiri kidogo, robo tena. Ikishika vizuri, itoe kabisa. Kama hivi, ya kulia... safi. Ya kushoto...

Ngoja.

Haizunguki. Subirini kwanza. Hivi hii niliipaka? Nilipaka ya kulia, nikaanza kuwahadithia habari za msumeno. Jamani! Nawaambia ninyi, mwenyewe sisikii. Plaizi iko wapi... taratibu... taratibu... imetoka! Bahati ilikuwa bado laini. Kipande hiki sikikati, kibaki hivyo hivyo. Mafuta ya mgando, bolti zote mbili.

Kichwa ni bonge la foili, juu yake gundi ile ile. Macho ni shanga nyeupe, na tundu la shanga ndiyo mboni. Usiligandishe jicho, likae kwenye plastisini, ukitaka aangalie pembeni unachomeka pini kwenye tundu na kuligeuza. Mwili ni sponji ya godoro, kata kwa mkasi, gundisha. Nyonga nimemwongezea. Muuza vitumbua mwembamba mimi simwamini.

Sasa mavazi, hapa ndipo roho yangu ilipo. Mara ya kwanza nilikata kanga ya kweli. Ua moja la korosho likamfunika kutoka kifuani hadi magotini, akawa kama amevaa bango. Bi Sauda ni kama moja ya saba ya mtu wa kawaida, kwa hiyo na kanga yake lazima ishuke hivyo hivyo: sentimita 21 kwa 15. Nachukua pamba nyeupe, nyembamba kabisa, nachora mwenyewe kwa kalamu za nguo. Pindo, mji, halafu jina. Jina lake hili, someni: SIENDI BILA KUPELEKWA. Anza na herufi za katikati, uende pembeni. Ile ya kwanza iliniishia kwenye KUPELEK, nikaifanya tambara.

Usishone. Uzi wa cherehani kwa mtu wa kimo hiki ni kamba ya jahazi. Kunja ukingo, paka gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Supa gluu hapana, kitambaa kinainywa, kinaacha doa gumu kama la mafuta ya taa. Kisha weka foili katikati ya tabaka mbili za kitambaa, ndipo kanga ishike mkunjo unaoutaka, hata upepo utaupanga wewe kwa kidole. Kitambaa kilicholegea kinajisogeza kila unapomgusa. Kwenye filamu ya King Kong ya 1933, sokwe naye alikuwa kikaragosi kama huyu, manyoya ya yule sokwe, ambayo ni ngozi ya sungura, yanasisimka mwili mzima na upepo hakuna. Ni vidole vya waliokuwa wakimsogeza. Sokwe tunamsamehe. Bi Sauda ataonekana ana upele.

Kibaraza haraka haraka. Plaiwudi ya milimita 9, matundu ya bolti kila atakapokanyaga, na miguu ya jukwaa iwe mirefu mkono wako upite chini. Ukuta ni boksi lililopakwa gundi ya mbao, unga wa mbao na rangi, unafanana kabisa na udongo. Ukuta wa pembeni uwe wa kutoka, vinginevyo utamfikiaje? Paa ni miyaa ya kusukia mikeka, nimeichana kwa pini. Jioni nzima imeishia hapo, sijutii.

Na hiki, hiki nakipenda: kikaangio cha vitumbua. Paketi tupu ya vidonge! Vishimo vyake ndivyo hivyo hivyo, pulizia rangi nyeusi. Vitumbua vyenyewe plastisini, juu vanishi kidogo ving'ae mafuta. Jiko ni kopo, ndani chembe za mkaa wa kweli na kitaa kimoja chekundu.

Kabla ya kupiga: funga dirisha na pazia, jua linatembea hata kama hulioni. Taa mbili, kamera kwenye mipangilio ya mkono, isijiamulie mwanga. Na wewe vaa nguo nyeusi. Siku moja nilivaa dera la njano, nikisogea ukuta unakuwa wa njano, nikirudi nyuma unakuwa kijivu. Nikahangaika na taa saa nzima, kumbe taa ni mimi.

Picha 12 kwa sekunde zinatosha, kwa hiyo sekunde 10 ni picha 120. Tumkaze bolti... mguu wa kushoto, asante mafuta... anainama, anageuza kitumbua. Moja. Mbili. Tatu. Mkono unashuka kidogo kidogo, msiwe na haraka.

Nimefika 31. Turudishe tuone... vizuri... nyonga hiyo... eh! Ngoja. Kile nini pale nyuma ya jiko?

Mkasi. Mkasi wangu umekaa pale tangu picha ya kwanza. Bi Sauda, simama mama, tunaanza upya.