Mapenzi ya Mjane Kando ya Ganges

ZUHURA: Karibuni. Leo tuna filamu ya Kihindi, ila wewe unayesubiri stelingi apige watu ishirini peke yake, samahani sana. Ni *Water* ya mwongozaji Deepa Mehta, ya mwaka 2005.

BARAKA: Na tutataja kila kitu, hata mwisho. Msije mkalalamika.

ZUHURA: Haya, kaka Baraka, tupe kisa.

BARAKA: Mwaka ni 1938, mji ni Varanasi, India, kando ya mto Ganges. Mtoto wa miaka minane, Chuyia, anaamshwa usiku na baba yake anamwuliza: unakumbuka kwamba uliolewa? Hakumbuki. Basi mumeo amekufa, wewe sasa ni mjane. Ananyolewa kipara, anavishwa sari nyeupe, anaachwa kwenye nyumba ya wajane. Naye anauliza: mpaka lini?

ZUHURA: Swali hilo lilinichoma. Eda ya kwetu Waislamu ina hesabu yake, miezi minne na siku kumi. Hawa ni mpaka kaburini. Tena hawana kaburi, wanachomwa.

BARAKA: Mle ndani kuna Kalyani, mzuri ajabu, na yeye tu ndiye aliyeachiwa nywele. Kwa nini? Kwa sababu bibi mkubwa wa nyumba, Madhumati, humvusha mto usiku kwa matajiri, na fedha hiyo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Sasa Narayan, kijana msomi, mfuasi wa Gandhi, anampenda na anataka kumwoa.

ZUHURA: Wapo kwenye mashua, anampeleka kwao. Kalyani akaiona nyumba kwa mbali, akamwomba ageuze. Hakupiga kelele, hakueleza. Baba yake Narayan ni mmoja wa wateja wake.

BARAKA: Halafu akajitupa mtoni. Hapo nilikasirika, dada. Mwanamke anayevunja mwiko lazima afe? Hadithi ngapi zimeishia hivyo!

ZUHURA: Nakubali, hapo mwandishi kachukua njia fupi. Lakini kwangu mhusika mkuu ni Shakuntala, aliyeigizwa na Seema Biswas. Huyu anashika dini kwelikweli. Anamwuliza kuhani wa Kihindu kama kweli vitabu vya dini vinataka wajane wateswe. Kuhani anamtajia njia tatu zilizoandikwa, kisha anasema: ipo sheria inayoruhusu mjane kuolewa.

BARAKA: Sheria ya mwaka 1856!

ZUHURA: Miaka themanini na mbili imepita, na walio mle ndani hawana habari. Nani angewaambia? Mjane akifungiwa huko ni mdomo mmoja umepungua mezani, na urithi hauombi. Narayan mwenyewe anasema: ni hesabu ya fedha iliyovishwa nguo ya dini. Ndiyo maana nawashangaa waliosema filamu inatukana Uhindu. Anayeuliza maswali makali zaidi mle ni mcha Mungu.

BARAKA: Na walikasirika kabla hata haijapigwa. Mwaka 2000 waigizaji Shabana Azmi na Nandita Das walishanyoa vichwa, seti imejengwa kando ya mto huko Varanasi, kibali cha serikali kuu wanacho. Kundi la watu likavamia, likavunja na kuchoma seti, mabaki yakatupwa Ganges. Serikali ya jimbo ikasimamisha kazi.

ZUHURA: Walikuwa na kinyongo na Mehta tangu filamu yake *Fire*, ile ya mapenzi ya wanawake wawili walioolewa na ndugu. Sinema zilizoionyesha zilivamiwa mwaka 1998.

BARAKA: Akaja kuipiga Sri Lanka kimyakimya, kwa jina la uongo, na waigizaji wapya. Mtoto anayecheza Chuyia ni wa huko huko, hajui Kihindi, alikariri sauti tu. Mwishowe Kanada, anakoishi Mehta, ikaipeleka Oscar, ikateuliwa. India iliionyesha mwaka 2007.

ZUHURA: Ile ladu je?

BARAKA: Usinitoe machozi! Bibi kizee anaota peremende za harusi yake maisha yote. Mtoto anamnunulia ladu moja kwa senti za kuomba.

ZUHURA: Msikilizaji mmoja ameuliza kama anaweza kuangalia na binti yake wa miaka kumi.

BARAKA: Hapana. Yanayompata Chuyia karibu na mwisho ni mazito mno. Aangalie mwenyewe kwanza, halafu aamue.