Pumzi ya Giuseppe Sammartini

Hili nimelisema mara nyingi, na leo nalirudia, maana kila nikitaja jina la Sammartini naulizwa, "Sammartini yupi, yule wa simfonia?" Siye! Yule ni Giovanni Battista, mdogo wake, aliyebaki Milano. Mimi namzungumzia kaka mtu, Giuseppe, mpiga obo na mtunzi wa muziki.

Ninyi watu wa pwani zumari mnaijua. Obo ni ukoo huohuo: vilimi viwili vyembamba vinavyotetemeka vikipulizwa. Ila mpiga zumari huvitia vilimi vyote kinywani, akavimbisha mashavu, na sauti ikasikika mtaa wa pili. Wafaransa wa karne ya 17 waliitengeneza obo ili mpigaji avibane vilimi kwa midomo yake, aweze hata kunong'ona. Sasa nisikilizeni vizuri. Upenyo kati ya vilimi vile ni mwembamba mno, hewa hupita kidogo kidogo. Kwa hiyo mpiga obo hapungukiwi hewa, bali humjaa. Hufika kituoni, pale mstari wa muziki unapopumzika, kifua kimebana kwa hewa iliyochakaa, na hawezi kuvuta nyingine mpaka aitoe ile kwanza. Atoe, ndipo avute. Giuseppe, aliyezaliwa 1695, alikulia katika hali hiyo, kwani hata baba yake, Mfaransa Alexis Saint-Martin, alikuwa mpiga obo. Mtu wa namna hiyo hatungi kama mpiga kinanda.

Najua mtaniambia, mbona sonata zake nyingi, yaani tungo za ala chache, ni za filimbi na fidla? Ndiyo, na hapo ndipo anapopotezwa! London, alikohamia, waungwana walionunua nota walipiga filimbi na fidla majumbani mwao. Obo ilikuwa ya watu wa kazi. Mchapishaji huchapa kinachouzika. Lakini zichukueni zile sonata 12 za fidla mbili na besi za mwaka 1743, alizomtunukia Augusta, mke wa Frederick, mrithi wa kiti cha Uingereza, ambaye nyumbani kwake alifundisha muziki tangu 1736. Katika sehemu za polepole upinde wa fidla ungeweza kwenda na kurudi bila kukoma. Msiuache uende hivyo. Mstari ule umetungwa na mtu wa kifua, na unataka vituo.

Sifa zake kama mpigaji hazina ubishi: Quantz, mpiga filimbi wa Kijerumani, alimsikia Milano mwaka 1726 akamsifu, na mtunzi Handel alimwandikia wimbo wenye obo katika opera ya Arminio, 1737. Konseto zake, yaani tungo za ala zinazoongoza pamoja na okestra, ambazo nyingi zilichapwa baada ya kifo chake mwaka 1750, naziacha, muda umekwisha.

Wapiga fidla wawili njooni mbele, na wa besi. Tunaanza na sehemu ya polepole. Mkifika kituoni, toeni pumzi kwanza.