Liageni Kanisa Kabla Tingatinga Haijafika

Bwana asifiwe. Haya kaeni, hii kitu nimeiambia kila kamati ya ujenzi iliyoniita na leo naisema tena: upepo ukishang'oa paa na injinia akisema kuta haziwezi kubeba lingine, msiite mtu wa skrapu kabla hamjaita washirika.

Najua vile huwa. Mvua ya Aprili inakuja na upepo usiku, mabati yanapatikana kwa ploti ya jirani, asubuhi kamati iko WhatsApp, jioni kuna namba ya paybill, wiki ijayo ukuta uko chini. Nani ameaga? Hakuna.

Kuna kanisa huku Eastlands, Nairobi, walifanya hivyo. Mama mmoja mzee wa bakora akakuja Jumapili akapata watu wako kwa tenti uwanja wa shule, hakuna mtu alimwambia, na huyu ni wa wale walibeba kokoto na ndoo siku zile lori ilikuwa haifiki. Katikati ya ibada akatoka, akaenda kwa kifusi akaanza kutafuta. Anatafuta nini? Pale mbele binti yake alifungiwa ndoa, na baadaye jeneza la binti huyo huyo likawekwa hapo hapo. Vijana wakamuokotea kipande cha ile sakafu nyekundu, akakigeuza, akakirudisha. Akasema hiki ni cha mlangoni, cha mbele kilikuwa kimeisha rangi kwa magoti ya watu. Alijua, kwa sababu ni yeye alikuwa anaipiga nta kila Jumamosi! Na kamati haikumpatia hata dakika tano, na mimi hiyo hunikasirisha mpaka leo.

Mtu ataniambia, Mchungaji, Matendo 17:24, Mungu hakai katika hekalu zilizojengwa kwa mikono. Amina. Sasa soma Ezra 3, msingi wa hekalu jipya ulipowekwa, wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu huku wengine wakishangilia, kilio na shangwe zikachanganyika, na hakuna mahali imeandikwa walinyamazishwa. Ndugu zetu Wakatoliki wameiweka mpaka kwa sheria, kanuni 1212, mahali patakatifu pakiharibika sehemu kubwa pale panapoteza wakfu wake, kwa hivyo si mawe tu tunaongelea. Coventry kule Uingereza kanisa lilipigwa mabomu 1940, wakaacha kuta za zamani zisimame, jipya likawekwa wakfu 1962 hapo kando. Mtasema hao wana nafasi, sisi ploti ni 50 kwa 100. Sawa, siombi magofu, naomba Jumapili moja. Kama injinia amekataza kuingia, simameni nje. Wazee waongee kwanza, someni majina kwa rejista, wa ubatizo, wa ndoa, wa mazishi, halafu mbebe msalaba na vyombo vya meza ya Bwana mkiimba mpaka kwa tenti.

Paa nitaipitia haraka. Upepo hulinyonya paa kwenda juu, na mlango ukiwa wazi unalisukuma pia kutoka ndani, kwa hivyo misumari peke yake haitoshi, mbao zifungwe kwa ukanda wa chuma uliozikwa ndani ya simiti ya ukuta. Msimwachie fundi aamue.

Mwenyekiti ananionyesha saa, mambo ya bima tutaongea kwa chai. Ile kamati imeshaitisha tingatinga ya Jumamosi, pigeni simu leo muahirishe wiki moja, na karani aanze kuandika majina ya wale wamama wa kokoto walio hai bado, nani atawaletea na gari.