Jinsi ya kuchagua kisomaji cha vitabu kinachokubali programu huria tupu

Habari zenu, na karibuni tena. Leo tunafanya kazi ninayoipenda kuliko zote zinazopita kwenye meza hii: kutafuta kisomaji cha vitabu, kile chenye skrini ya wino wa kielektroniki, ambacho unaweza kukiendesha kwa programu huria tupu, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi, unaruhusiwa kuusoma na kuubadilisha. Tupu kabisa, tangu umeme unapoingia mpaka ukurasa unapofunguka.

Mbona nahangaika hivi? Mwaka 2009 Amazon iliingia kwa mbali kwenye Kindle, visomaji vyake walivyonunua wateja, ikafuta vitabu viwili vya George Orwell ambavyo watu walishavilipia. Februari 2025 ikaondoa njia ya kupakua kitabu ulichonunua kwenye kompyuta ili ukihamishe kwa waya. Mimi kitabu changu nataka kikae ninapokiweka, na nisomacho usiku kisihesabiwe na mtu.

Twende kazi. Hatua ya kwanza, kabla hujanunua chochote, badilisha swali. Wengi mnaniuliza, "Kifaa hiki kinakubali KOReader?" Sawa, kinakubali. KOReader naitumia kila siku, ni programu huria kwa leseni ya AGPL, inafungua EPUB, PDF, DjVu, na ukubwa wa maandishi na pambizo unavipanga utakavyo. Lakini KOReader inakaa juu kabisa. Ukiiweka kwenye Kindle iliyovunjwa kufuli, chini yake kila kitu bado ni cha Amazon. Ni mpangaji aliyebadilisha mapazia, funguo za geti hana.

Kwa hiyo chukua karatasi. Andika kutoka chini kwenda juu: butiloda, yaani programu ndogo inayoamsha chipu. Kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachoziunganisha programu na kifaa. Draiva ya skrini, yaani programu inayoiongoza skrini. Wevufomu, hii nitaieleza kwa kirefu. Femuwea ya Waifai, yaani programu inayoendeshwa ndani ya chipu ya Waifai yenyewe. Halafu programu ya kusomea. Kila kifaa unachokitamani kiulize tabaka kwa tabaka: ya kiwandani naweza kuitoa nikaweka yangu? Msimbo wake upo?

Programu ya kusomea tumeshaimaliza. Kerneli nayo haisumbui sana: visomaji vingi vinatumia Linux, na leseni yake, GPL, inamlazimu mtengenezaji atoe msimbo. Kobo, kampuni nyingine ya visomaji, kwa mfano, wameuweka hadharani. Bora zaidi ni kifaa ambacho kimeshaingizwa kwenye Linux kuu yenyewe, ile inayotunzwa na watengenezaji wa Linux, maana hapo hulazimiki kutegemea kerneli ya kale ya kiwandani ambayo hakuna anayeitazama tena. Kobo Clara HD imo. Kobo Aura imo. Tolino Shine 3 imo.

Waifai: chipu karibu zote zinadai femuwea iliyofungwa. Mimi naiacha imezimwa na vitabu naviingiza kwa waya. Tuendelee.

Butiloda. Hapa usikimbie. Visomaji vingi vya miaka iliyopita vimejengwa juu ya chipu za ukoo wa i.MX, zamani za Freescale, sasa za NXP. Kwenye i.MX 6 unaweza kujenga U-Boot, butiloda huria, kutoka kwenye msimbo, mwanzo mpaka mwisho, bila kipande chochote kilichofungwa, hata sehemu inayoandaa kumbukumbu ya RAM. Sasa linganisha na hiki hapa, PineNote ya PINE64. Nakipenda sana: inchi 10.3, RAM ya GB 4, kalamu, na watengenezaji wenyewe wanataka uweke Linux yako. Kilitangazwa mwaka 2021 mahususi kwa watu kama sisi. Lakini chipu yake ni Rockchip RK3566, na kuandaa RAM kwenye chipu hiyo kunategemea kipande cha Rockchip ambacho msimbo wake haukutolewa. Waifai yake nayo ni ya ukoo wa Broadcom, femuwea imefungwa. Maana yake, kwenye tabaka la chini kabisa, hiki kidogo cha mwaka 2018, Kobo Clara HD ya i.MX 6, kinakishinda kifaa kilichouzwa kwa jina la uhuru. Ndiyo maana nasema karatasi kwanza, tangazo baadaye.

Sasa wevufomu. Ngoja nisogeze kamera karibu na skrini. Karibu zaidi. Taa inarudisha mwanga... subirini. Haya, hapo. Mnaona ukurasa unavyogeuka? Unamweka mweusi, unarudi mweupe, ndipo herufi zinatulia. Ndani ya skrini mna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe zinazoelea, zenye chaji ya umeme. Ili doa moja litoke kwenye weusi lifike kwenye kijivu cha saba kati ya vijivu 16, linahitaji misukumo ya volti kwa mfuatano maalumu na kwa muda maalumu. Kukiwa na baridi chembe zinakwenda polepole, kwa hiyo mfuatano unabadilika kulingana na joto. Jedwali la misukumo hiyo yote ndilo wevufomu. Linatoka kwa mtengenezaji wa skrini, linalingana na skrini hiyo, na halina leseni huria. Humo ndimo zilimo zile hali mnazoziona kwenye mipangilio: GC16 yenye vijivu vyote, DU ya haraka yenye nyeusi na nyeupe tu, na A2 ya haraka kupita zote.

Kwa ukali wangu, wevufomu haifanani na programu. Haifikiri, haipeleki taarifa popote, ni namba za kusukuma chembe. Mimi naikubali, lakini naiandika kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu, kwa sababu nataka nijue kilichobaki. Wapo wanaoikataa, na nawaheshimu.

Kuna kifaa kinachoitwa reMarkable, kizazi cha kwanza, hiki hapa. Nacho ni i.MX 6, skrini inaendeshwa na kidhibiti kilichomo ndani ya chipu, na watu wamekitengenezea toleo la Parabola, ile Linux isiyoruhusu kipande chochote kilichofungwa. Kizazi cha pili, jihadhari: kazi ya kusukuma skrini imehamishiwa ndani ya programu yao wenyewe iliyofungwa. Jina moja, umbo karibu moja, lakini kwenye karatasi yetu ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na hiki cha mwisho, Open Book cha Joey Castillo. Unakiunga mwenyewe kwa lehemu. Mchoro wa bodi uko wazi, chipu ni RP2040 ambayo hata ROM yake ya kuwashia msimbo wake umechapishwa, skrini ni ya inchi 4.2, nukta 400 kwa 300. Maandishi yanatoka kwenye GNU Unifont, mkusanyo huria wa herufi, kwa hiyo kinasoma lugha nyingi sana za dunia. Skrini yake ina kidhibiti chake chenye jedwali ndani, hulioni wala huligusi. Ni kidogo, kinasoma maandishi matupu, picha na PDF usahau. Kwa usafi wa programu, hapa mezani hakuna kinachokikaribia.

Lakini kwa mtu anayetaka kusoma riwaya nzima kwa raha, nachagua Clara HD. Inchi 6, nukta 300 kwa inchi, i.MX 6SLL, na jambo lililoniteka: hifadhi yake ni kadi ya microSD iliyochomekwa ndani. Haikulehemiwa. Ukiharibu, unachomoa kadi, unarudisha nakala, umepona.

Ukinunua kilichotumika, omba picha ya mgongo wa kifaa. Unatafuta N249, namba ya modeli ya Clara HD. Usikubali picha ya boksi peke yake. Muuzaji mmoja alinitumia picha ya boksi la Clara HD, ndani nikakuta kifaa kingine.

Haya, tunakifungua. Zima kabisa, usikiache kimelala. Kipande cha plastiki cha kupigia gitaa kinaingia hapa, kwenye mshono, unakizungusha. Taratibu, kioo kiko upande wa pili na... mmesikia? Hicho ni kibanio kimeachia. Hakijavunjika, ngoja niwaonyeshe. Kamera, kamera, fokasi... ndiyo, kizima. Mfuniko umetoka. Betri ile, usiichokonoe. Na kadi ile pale, ndogo, nyeusi. Isukume itoke.

Simama hapa. Hapa ndipo nilipoharibu, na nataka mnisikilize vizuri.

Ukichomeka kadi hii kwenye kompyuta utaona partisheni tatu, yaani kadi imegawanywa sehemu tatu: ya mfumo, ya kurejesha mfumo, na ile ya vitabu. Usinakili mafaili yake ukadhani umemaliza. Mimi nilifanya hivyo kwenye Clara HD yangu ya kwanza, si hii. Nilitengeneza partisheni tatu kwenye kadi mpya, nikanakili kila faili, nikaifuta ya zamani ili niitumie kwenye kamera. Kifaa hakikuwaka. Hata taa. Kwa sababu mwanzoni mwa kadi, kabla ya partisheni ya kwanza, kuna eneo ambalo kidirisha cha mafaili hakikuonyeshi, na humo mna butiloda, kerneli, namba ya kifaa, taarifa za bodi, na wevufomu. Nilikuwa nimeifuta wevufomu ya skrini yangu. Nikaja kupata nakala ya eneo hilo kutoka kifaa kingine cha aina ileile, kikawaka, lakini kila ukurasa ukabaki na kivuli cha ukurasa uliopita.

Kwa hiyo: kadi nzima. Si mafaili. Kadi nzima, kuanzia baiti ya kwanza.

Kwenye kompyuta ya Linux fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, andika lsblk, amri inayoorodhesha diski, kabla hujachomeka kadi, kisha chomeka, andika tena lsblk. Kilichoongezeka ndicho kadi yako. Hapa kwangu ni... oh, ni sdc. Jana wakati najaribu ilikuwa sdb. Mnaona? Nina flashi nyingine imechomekwa, na leo imechukua sdb. Ngoja niichomoe kabisa, sitaki vitu viwili vinavyofanana. Narudia lsblk. Bado sdc, yenye partisheni tatu, ukubwa kama GB 8. Nzuri. Kama kompyuta yako imezifungua partisheni zenyewe, zifunge kwa umount kwanza.

Amri ni hii:

sudo dd if=/dev/sdc of=clara.img bs=4M status=progress

Soma kabla ya kubonyeza Enter. if ni kunakotoka, of ni kunakokwenda. Ukivigeuza, unaandika juu ya kadi. Soma tena. Na mimi nasoma tena: inatoka sdc, inakwenda clara.img. Sawa, Enter. Na angalia, hakuna namba baada ya sdc. Ukiandika sdc1 umechukua partisheni moja tu, umerudi kulekule kwenye kosa langu.

Wakati inakwenda, niwaonyeshe kitu. Kwenye skrini nyingi za wino wa kielektroniki kuna kibandiko kwenye utepe wa nyaya, chenye volti hasi, namba kama -2.05V. Hiyo ni VCOM, volti ya skrini hiyo yenyewe. Ukikiona, kipige picha uihifadhi pamoja na nakala ya kadi. Wenye PineNote, hili linawahusu sana: kwenu wevufomu ina partisheni yake kwenye hifadhi ya ndani, na hiyo hifadhi huichomoi. Inakilini kabla ya kuweka chochote kipya. Kabla, si baada.

Imemaliza. Sasa hakiki:

sudo cmp /dev/sdc clara.img

Ikinyamaza, ziko sawa. Imenyamaza. Nakala ya pili naiweka kwenye diski nyingine, hapo naruka.

Chomoa ya asili. Iweke kwenye bahasha, andika N249 na tarehe. Mimi siiandikii tena chochote. Chomeka kadi mpya, iwe kubwa kuliko ya zamani, maana kadi mbili zilizoandikwa GB 8 zinaweza kupishana kidogo na nakala isienee. lsblk tena, ndiyo, tena. Imekuwa sdc. Sasa kadi ndiyo kunakokwenda:

sudo dd if=clara.img of=/dev/sdc bs=4M status=progress conv=fsync

Ukihakiki hii kwa cmp itakuambia imefika mwisho wa clara.img. Hilo si kosa, ni kwa sababu kadi ni kubwa kuliko nakala. Ikikutajia baiti inayotofautiana, hapo ndipo uandike upya.

Rudisha kadi, usifunge mfuniko bado. Bonyeza kitufe. Taa imewaka... skrini imemweka... na ukurasa ule pale, safi, bila kivuli. Sogea, kamera, muone ukingo wa herufi.

Sasa kadi hii ya pili ndiyo uwanja wetu. Kipindi kijacho tunaondoa mfumo wa kiwandani tunaweka postmarketOS, mfumo huria wa Linux, juu ya kerneli mpya, na KOReader juu yake. Usije bila bahasha yako.