Mwaka 2013 katika muziki wa Tanzania: zilizotoka, walioondoka, na majina yasiyoandikwa

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja.

Tarehe 17 Aprili 2013 alifariki Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, kule Bububu, Unguja. Tarehe 28 Mei akafariki Albert Mangwea mjini Johannesburg, akazikwa Morogoro. Tarehe 13 Juni akafariki Langa Kileo hapa Dar es Salaam. Haikutimia miezi miwili. Mmoja alikuwa bibi wa taarabu na unyago aliyebeba nyimbo za enzi za Siti binti Saad, na mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki wa dunia. Wawili walikuwa vijana wa hip hop: Mangwea wa albamu ya a.k.a. Mimi ya mwaka 2004, na Langa aliyeanzia kundi la Wakilisha pamoja na Witness na Shaa.

Mwaka huohuo Lady Jaydee alitoa Nothing But the Truth, albamu kamili. Diamond Platnumz naye alitoa Number One, singo, na singo hiyo ndiyo iliyomvusha mipaka. Hayo ndiyo mambo ambayo kila mtu anayakumbuka. Mimi nataka tuangalie namna yanavyoandikwa, kwa sababu orodha ya kazi zilizotoka na orodha ya waliofariki zote mbili zina kasoro moja: tunaanza kuuliza nani alifanya nini siku ya msiba, wakati swali hilo lilipaswa kujibiwa siku ya kurekodi.

Tuanze na kazi zilizotoka. Albamu moja ina tarehe nne: ya kurekodiwa, ya wimbo wa kwanza kusikika redioni, ya uzinduzi, na ya kuingia sokoni. Katika Bongo Fleva ya enzi za kanda, nyimbo tatu au nne za albamu zilikuwa zimeshachakazwa redioni muda mrefu kabla kanda haijaonekana dukani. Ndiyo maana utakuta waandishi wawili makini wanataja miaka miwili tofauti kwa kazi moja, na wote wana ushahidi. Andika tarehe zote nne kama unazo, ila mwaka wa albamu uhesabu kwa ile ya kuingia sokoni. Uzinduzi usiutumie kabisa. Uzinduzi huahirishwa kwa ajili ya ukumbi, kwa ajili ya mdhamini, na kwa ajili ya msiba.

Kwa nini mwaka 2013 albamu zilikuwa chache na singo zikawa tele? Zamani msambazaji alinunua master, yaani rekodi mama, kwa malipo ya mara moja, na kanda ilihitaji nyimbo za kujaza upande A na upande B. Msanii hakuwa na njia nyingine ya kupata hela ya studio kwa mkupuo, hivyo alikusanya nyimbo kumi hivi na kuuza zote. Kanda zilipokufa na watu wakaanza kurushiana nyimbo kwenye simu, albamu ikakosa kazi ya kufanya: singo moja ikishika redioni inaleta shoo, na shoo ndizo zinazolipa. Mwaka huohuo 2013 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilianza utaratibu wa stempu za kodi kwenye kanda, CD na DVD za muziki na filamu. Nia ilikuwa njema, maana bidhaa isiyo na stempu ingetambulika kuwa ya wizi. Lakini stempu inabandikwa kwenye kitu kinachoshikika, nao wasikilizaji walikuwa wameshahamia kwenye faili.

Hasara tuliyoipata hapo haikuwa ya fedha peke yake. Kanda ilikuwa na kava, na kava, hata likiwa limechapwa vibaya, lilikuwa na majina: studio, prodyuza, aliyeimba kiitikio, aliyepiga gitaa. Singo inayotumwa redioni ni faili lenye jina la msanii na jina la wimbo, basi. Albamu ilipopungua tulipoteza karatasi pekee iliyokuwa ikitunza majina ya watu wa nyuma ya kipaza sauti.

Kwa hiyo karatasi hiyo tuitengeneze wenyewe. Ukurasa mmoja kwa kila wimbo unatosha, na ujazwe kabla watu hawajatoka studio. Juu kabisa: jina la wimbo, toleo lake, tarehe ya kurekodi, studio. Kisha mtunzi wa maneno na mtunzi wa muziki, kila mmoja na asilimia yake, na asilimia zote zijumlike kuwa 100. Kisha aliyetengeneza mdundo, aliyefanya miksi, waimbaji wote hata wa kiitikio, wapiga vyombo na chombo cha kila mmoja. Majina yawe ya kwenye kitambulisho, na jina la jukwaani liandikwe pembeni. Chini wasaini wote. Ugomvi mkubwa huwa kwenye asilimia, na heri ugombane studio mkiwa wote wazima kuliko warithi wenu wakagombane mahakamani bila kujua lolote.

Kuhusu majina, mfano mzuri ni marehemu Mangwea. Alijulikana kama Mangwea, Mangwair, Ngwea, Ngwair, na Cowboy. Shabiki hana tabu, anajua ni yuleyule. Kompyuta haijui. Kwenye majukwaa ya kusikiliza muziki, jina likitofautiana herufi moja msanii anafunguliwa ukurasa mwingine, na hesabu yake inagawanyika. Anayekagua mapato anaona watu watano wenye vijisenti, wakati ni mtu mmoja mwenye haki moja. Dawa yake ni kuchagua tahajia moja, kuiandika kwenye kila wimbo, na kuziorodhesha tahajia nyingine zote kwenye faili la msanii.

Namba ya utambulisho wa rekodi, ISRC, nayo ina mitego yake. Ina herufi na tarakimu 12: mbili za mwanzo ni za nchi au wakala aliyeitoa, tatu zinazofuata ni za aliyesajili, mbili za mwaka, na tano za mwisho ni za rekodi yenyewe. Zile mbili za mwaka zinaonyesha mwaka namba ilipotolewa, siyo mwaka wimbo uliporekodiwa. Wimbo wa 2004 uliopandishwa mtandaoni 2015 unaweza kusomeka 15, na mtafiti asiye mwangalifu ataupeleka mbele miaka kumi na moja. Rimiksi ina namba yake, na toleo la jukwaani lina namba yake. Lakini rekodi ileile ukiihamishia kwa msambazaji mwingine, nenda na namba ya zamani. Wengi huacha ipewe mpya, na historia yote ya kuchezwa inabaki nyuma.

Sauti zenyewe sitazikawilia. Project ya studio, yaani faili la programu ya kurekodia, peke yake haitoshi, kwa sababu miaka kumi baadaye programu iliyotumika haipo au haifunguki. Toa kila chombo na kila sauti kama faili la WAV, la sauti isiyobanwa, la biti 24, yote yaanzie sekunde ya sifuri, ili yakipangwa pamoja yaoane. Nakala ziwe tatu, na moja isikae jengo moja na nyingine. MP3 ni sauti iliyobanwa, siyo master.

Sasa tuje kwa waliofariki. Kwa Bi Kidude tatizo la kwanza ni umri. Magazeti yalimpa zaidi ya miaka 100, lakini tarehe ya kuzaliwa iliyothibitishwa haikuwepo. Mwandishi mwaminifu anaandika hivyo hivyo, na anataja habari ya umri ilitoka kwa nani, badala ya kuchagua mwaka mmoja kwa sababu unapendeza kichwani mwa habari.

Tatizo la pili ni la haki. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kwa hiyo alichotunga Mangwea kinalindwa hadi 2063. Anayeimba wimbo wa mwingine hahesabiwi hivyo: haki yake kama mwimbaji inahesabiwa miaka 50 tangu rekodi ilipofanyika, hata kama yeye bado yu hai. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki na chombo chake, COSOZA, na huko ndiko shauri la kazi za Bi Kidude linapoanzia. Nyimbo alizozirithi kwa waliomtangulia zitenganishwe na alizotunga mwenyewe, wimbo kwa wimbo.

Familia inapofungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, inakwenda na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza msimamizi. Msimamizi akishateuliwa, ndani ya miezi minne anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu, Fomu Namba V na VI. Hapa ndipo mambo yanapoharibika. Orodha inataja nyumba, gari, kiwanja, kitanda. Nyimbo hazitajwi. Miaka miwili baadaye kampuni ya matangazo inataka kutumia wimbo, msambazaji anauliza nani asaini, na barua ya usimamizi haisemi lolote kuhusu kazi za sanaa. Nyimbo ziorodheshwe kwa majina, pamoja na akaunti zote za mtandaoni na anwani ya barua pepe iliyozifungua, kwa sababu bila hiyo anwani hata mrithi halali hawezi kuingia.

Kwenye muziki wa dansi kazi ni ngumu zaidi, kwani wimbo huitwa wa bendi. Muhidin Gurumo, aliyefariki tarehe 13 Aprili 2014, aliimba NUTA Jazz, bendi ambayo baadaye ikaitwa Msondo, akawa Mlimani Park ilipoanzishwa 1978, akaenda Safari Sound, akarejea Msondo. Ukisikia sauti yake usikimbilie kuandika Msondo. Mtafute mwanamuziki aliyekuwemo, mchezeshee rekodi yenyewe, usimsimulie tu jina lake. Uliza chombo kimoja kimoja: nani solo, nani rithimu, nani besi, nani tumba, tarumbeta wangapi. Ukiuliza “mlikuwa nani?” atakutajia wakubwa watatu na kuishia hapo. Ukimwambia asikilize besi peke yake, mara nyingi jina hutoka kabla wimbo haujafika nusu. Andika jina hilo, andika aliyekutajia na tarehe, kisha kamuulize mwingine bila kumwambia jibu la wa kwanza.