Kikombe cha Kahawa: Nomino Mbili za Kiingereza Zinapokaa Pamoja

Walimu wenzangu, vijana wa kidato cha tatu na cha nne niliowaona mkiingia na madaftari, na nyinyi wazazi mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja hapa, asanteni sana. Joto la Dar es Salaam mnalijua na feni za ukumbi huu ni mbili tu, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye jambo lililonileta.

Jana jioni nilikaa kijiweni Magomeni. Muuza kahawa akaja na birika lake, mkaa unawaka chini yake, akanimiminia. Nikanywa kikombe cha kahawa na kashata moja. Pembeni yangu kijana mmoja alinyanyuka ghafla, goti likagonga ubao, kikombe kitupu kikaanguka kikapasuka vipande vitatu. Muuzaji akasema, "Umenivunjia kikombe cha kahawa, mdogo wangu." Kijana akaomba radhi, akalipa.

Sikilizeni tena. Mimi nilikunywa kikombe cha kahawa. Kijana alivunja kikombe cha kahawa. Maneno ni yale yale matatu, na pale kijiweni hakuna aliyechanganyikiwa, maana kitenzi kilitupambanulia: kinachonyweka ni kahawa, kinachovunjika ni kikombe. Sasa twende kwenye Kiingereza. Mimi, "I drank a cup of coffee." Kijana, "He broke a coffee cup." Mafungu mawili tofauti. La kwanza ni kikombe chenye kahawa ndani. La pili ni kikombe cha aina ile, hata kiwe kikavu kabatini tangu Idi iliyopita. Kiingereza hakingoji kitenzi kije kupambanua. Kinataka useme tangu mwanzo unazungumzia chombo au kilichomo.

Hapo ndipo wanafunzi wetu wanapokwama, na nasema hili kwa uchungu kwa sababu nimesahihisha madaftari yao kwa miaka mingi. Wanaadhibiwa kwa kosa ambalo hakuna aliyewaeleza chanzo chake. A-unganifu yetu, yaani ule "wa, ya, cha, la, za", inabeba mizigo mingi kwa pamoja. Kikombe cha Asha ni umiliki. Kikombe cha kahawa ni aina, au ni kilichomo. Kikombe cha udongo ni malighafi. Sisi tunatumia "cha" hiyo hiyo kwa yote na tunaelewana. Kiingereza kimegawa mizigo hiyo: "Asha's cup", "a coffee cup", "a cup of coffee", "a clay cup". Mtoto anayetafsiri "cha" kwa "of" kila mahali ataandika "the cup of Asha" na "the shop of shoes", na mwalimu atachora mstari mwekundu bila kusema neno. Mtoto afanyeje?

Mimi mwenyewe liliwahi kunikuta, tena si darasani. Nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja hapa jijini, nikapewa kazi ya kuandaa safari ya wanafunzi 40 kwenda Bagamoyo kuona magofu ya Kaole. Fomu ya kuagizia vitu ilikuwa ya Kiingereza. Nilitaka chupa za maji, nikaandika "40 water bottles", nikasaini. Asubuhi ya safari maboksi yakaletwa. Nikafungua la kwanza: chupa za plastiki za bluu, zina vifuniko na kamba za kuvalia begani, nzuri kabisa, na ndani hamna hata tone. Muuzaji hakunidanganya. Nilichoandika ndicho alicholeta, kwa sababu "water bottle" ni chupa ya aina ya kuwekea maji. Maji ya kunywa yangekuja kama ningeandika "40 bottles of water". Tulichelewa saa nzima tukihangaika kutafuta maji, watoto wamekaa ndani ya basi juani. Tangu siku hiyo sijaifundisha mada hii kama jambo dogo la mtihani.

Basi tuangalie mpangilio wenyewe. Katika kirai nomino chetu, yaani fungu la maneno linalojengwa juu ya nomino, neno kuu linatangulia, na mengine yanafuata nyuma yake. Kiingereza, kinapoweka nomino mbili pamoja bila "of", neno kuu kinaliweka mwisho. Mfano wake walimu mnaujua vizuri: Afisa Elimu Wilaya. Kwa Kiingereza, "District Education Officer". Sisi tumeanza na afisa, wao wamemaliza na afisa. Soma la kwao kutoka nyuma kwenda mbele, unapata la kwetu neno kwa neno. Vivyo hivyo "Tanzania Revenue Authority" ni Mamlaka ya Mapato Tanzania. Mkia wa kule ndio kichwa cha huku.

Kwa hiyo mwanafunzi akikutana na msururu wa nomino, mfundishe kuanzia mkiani. Chukua "bus fare increase notice". Ni nini hasa? "Notice", tangazo. La nini? "Increase", ongezeko. La nini? "Fare", nauli. Za nini? "Bus", mabasi. Tangazo la ongezeko la nauli za mabasi. Nimelifanya zoezi hili na vijana wa kidato cha pili, na nimeona nyuso zikifunguka. Mtu anayeanzia mbele hukamata neno "bus" na kudhani habari nzima ni ya basi.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kuna jambo la Kiswahili ambalo tunalidharau bila kujua. Sikieni: mkungu wa ndizi mkubwa. Halafu: mkungu wa ndizi kubwa. Kwenye la kwanza kilicho kikubwa ni mkungu. Kwenye la pili ni ndizi zenyewe. Herufi moja tu, "m", na hata muuzaji wa pale sokoni Mabibo hawezi kukuuzia usichokitaka. Ngeli zetu kwa kawaida zinafunga kivumishi kwa mwenyewe. Kiingereza hakina kamba hiyo. "Big" ni "big" tu, kwa mkungu na kwa ndizi. Kwa hiyo kinategemea mahali: "a big bunch of bananas" ni mkungu mkubwa, "a bunch of big bananas" ni ndizi kubwa. Hamisha neno, umehamisha maana. Mtoto akiambiwa hivi, kwamba upatanisho unaofanywa na ngeli kwetu unafanywa na nafasi ya neno kule, anaacha kuiona mipangilio ya Kiingereza kama amri zisizo na sababu.

Na ndani ya sentensi nzima neno kuu ndilo linalotawala kitenzi. "Kapu la maembe limeanguka": "li" inarudi kwa kapu, hakuna mzaliwa wa lugha hii atakayesema "yameanguka". Lakini mwanafunzi yule yule ataandika "The basket of mangoes have fallen", kwa sababu "mangoes" imesimama jirani na kitenzi. Mrudishe kwenye kapu. Muulize, kwa Kiswahili ungesema "li" au "ya"? Atajibu mwenyewe, na "has" itakuja bila fimbo.

Wingi nao una lake. Duka la viatu si "shoes shop". Ni "shoe shop", japo viatu vimo mamia, kwa sababu nomino ya mbele hapo inataja aina na kwa kawaida hubaki umoja. Ukitaka maduka mengi, "s" inakwenda mkiani: "shoe shops". Zipo zinazokataa, kama "clothes shop", "savings account", "customs officer", na mamlaka yetu ya bandari yenyewe ni "Tanzania Ports Authority". Hizo zishikwe moja moja.

Majina ya vyuo msijisumbue nayo. "University of Dar es Salaam" na "Ardhi University" ni majina rasmi, yameshaganda, kama sisi tunavyosema Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lakini Chuo Kikuu Ardhi.

Mwalimu mmoja hapa mbele ameniandikia swali kwenye karatasi: "Mimi ni 'English teacher', lakini mtu akisikia hivyo si atadhani natoka Uingereza?" Swali zuri sana, Mwalimu, na jibu lake liko masikioni. Kiswahili mkazo wake unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana masikio yetu hayajazoea kuuwinda kwingine. Mwingereza akikaza neno la kwanza, ENGLISH teacher, ni mwalimu wa Kiingereza. Akikaza la pili, English TEACHER, ni mwalimu Mwingereza. Kwenye maandishi yote mawili yanafanana. Tulitamke wote pamoja, tuanze na hili la kwako, na mkazo ubaki mbele. Haya, moja, mbili.