Mwimbaji Mmoja na Washenga Wake

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja na mvua yote hii. Nimemwomba kijana wa mitambo asipige kitu kwanza. Wimbo mtausikia, ni wa duwopu, muziki wa vijana weusi wa Marekani wa miaka ya hamsini, mmoja anaongoza na wenzake wanaimba nyuma yake. Ila nataka tuanzie pale uliporekodiwa.

Ni Februari 1956, mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, Marekani. Kuna kanisa Katoliki la Mtakatifu Bernadette, na chini yake kuna chumba cha chini ya ardhi. Humo wameingia vijana weusi wanaojiita The Five Satins. Mahali wamepatiwa na mpiga saksafoni wao, muumini wa parokia hiyo. Anayeongoza ni Fred Parris, mwanajeshi, na wimbo wenyewe aliutunga akiwa lindoni usiku. Unaitwa "In the Still of the Nite".

Ulipotoka ulifika nafasi ya 24 kwenye chati kuu ya Marekani. Hapo hakuna la kuringia. Lakini ulirudi kwenye chati mwaka 1960, ukarudi tena 1961, na mwaka 1992 kikundi cha Boyz II Men wakauimba upya ukafika nafasi ya 3. Nyimbo nyingi zilizoupita mwaka ule leo hazina mwenyewe. Huu una nini?

Maneno siyo, nawaambia mapema. Ukiyaandika karatasini na kumpelekea mshairi wa Lamu, atakurudishia ukatafute vina kwanza. Kijana anakumbuka usiku mmoja, anaomba usiku ule usiishe. Basi. Na karibu nyimbo zote za taratibu za duwopu ni hivyo hivyo: nakupenda, usiniache, wewe ni malaika.

Muziki wenyewe nao ni mwepesi. Wapiga gitaa mliopo hapa, shikeni C, A maina, F, G, kisha rudini mwanzo. Kodi nne, yaani noti kadhaa zikipigwa kwa pamoja. Juu yake piano inagonga tatu tatu, polepole, kama mtu anayebembeleza mtoto. Mkishashika hizo, mmeshika nusu ya nyimbo za kipindi kile.

Utajiri uko nyuma ya mwimbaji. Waliowahi kuimba kwaya watanielewa haraka: kuna besi, kuna teno, kuna sauti ya katikati, na mara nyingi kuna mmoja anayepanda juu kabisa kwa sauti nyembamba mpaka unadhani ni mtoto. Hawa hawaimbi maneno. Wanaimba silabi: shu-du, shubi-du. Jina la duwopu lenyewe limetoka kwenye silabi za namna hiyo, na lilikuja kuzoeleka miaka ya sitini, wakati wengi wa waimbaji wa kwanza wameshaacha kutoa nyimbo mpya.

Silabi hizo zilizaliwa na mifuko mitupu. Vijana wa Harlem, Bronx, Baltimore na Philadelphia hawakuwa na pesa za ala. Besi akashika kazi ya gitaa la besi kwa koo lake, wenzake wakawa tarumbeta. Mazoezi yalifanyika kwenye kona za mitaa, ngazi za majengo na korido za shule, kwa sababu kuta zile zinarudisha mwangwi, na mwangwi hauna kodi ya nyumba. (Kicheko.) Kweli! Hata The Penguins wa Los Angeles, mwaka 1954, "Earth Angel" waliirekodi kwenye gereji. Kikundi cha wazungu kutoka Kanada, The Crew-Cuts, kikaiimba upya na kuwazidi kwenye chati kuu. Hilo ni donda linalohitaji mhadhara wake.

Sasa niseme lililonileta. Kwetu pwani kijana akitaka kuoa haendi peke yake kugonga mlango wa wakwe. Anatuma mshenga. Akienda mwenyewe ataonekana hana watu. Sikilizeni duwopu kwa sikio hilo. Kijana mbele analia kwamba yuko peke yake duniani, kumbe nyuma yake wamesimama wenzake watatu au wanne wa mtaa mmoja, wanavuta pumzi pamoja naye. Akishuka, wanampokea. Akikosa neno, wanajaza. Upweke ule una mashahidi! Ni washenga wa ajabu, kwa sababu hawamsemei hata neno moja, lakini msichana anayesikiliza anajua huyu kijana ana watu.

Ndiyo maana binafsi naona wimbo wa duwopu ukiimbwa na mtu mmoja na kinanda cha kompyuta unakauka. Noti ni zile zile, kodi ni zile zile. Aliyekosekana ni mshenga.

Mzee mmoja aliniuliza kama hii si tamaa tu ya kukumbuka ujana. Kwa waliokuwa vijana mwaka 1956, pengine. Lakini Boyz II Men walikuwa hawajazaliwa, na mimi niliupenda kabla sijajua maana ya mstari wowote. Nilijua shubi-du tu, na ilinitosha.

Parris mwenyewe hakuonja utamu wa wimbo wake kwa wakati. Ulipokuwa ukipigwa redioni Marekani, jeshi lilikuwa limempeleka Japani. Wenzake wakamchukua Bill Baker aongoze, na mwaka 1957 wakapata wimbo mwingine uliovuma, "To the Aisle". Mwimbaji hayupo, washenga bado wapo kazini.

Haya, kijana, piga sasa. Na nyinyi msimfuate anayeongoza. Mara hii mfuateni besi.